Boti Tudor mwezi wa Januari kuangalia ndege wahamiaji: siku gani, saa ngapi, tubebe nini?

Kozi_wa_Langata

Habari zenu wakuu. Tuko watu wanane hapa Nairobi, wengi wetu ni wale wa matembezi ya Jumatano asubuhi pale Makumbusho. Tunapanga kushuka Mombasa Januari 2026 kuwaona ndege wa ufuoni wanaokimbia baridi ya Ulaya na Siberia: vitwitwi, sululu, buabua na wenzao.

Mpango ulivyo: Ijumaa treni kutoka Syokimau. Jumamosi asubuhi tunapanda boti ya faiba ya mita 7 upande wa Mji Mkongwe, tunapita chini ya daraja la Nyali, tunaingia mkono wa bahari wa Tudor hadi mikokoni kule ndani, upande wa Mikindani, kisha tunarudi. Jumapili treni ya kurudi.

Tunayotaka kujua: Jumamosi ya tarehe 10 inafaa, na tutoke saa ngapi? Nusu yetu tuna darubini za 8×42, nusu 10×42, na mmoja ana ile kubwa ya miguu mitatu, je, aibebe? Tunamtaka sana *Dromas ardeola*, yule ndege mla kaa, na tunataka kujifunza kutofautisha vitwitwi wawili wa mchanga, mkubwa na mdogo, maana kwenye picha wanatuchanganya. La mwisho, nahodha tumuulize nini kabla ya kumlipa?

Bamvua_SouthB

Ndugu, tarehe 10 iacheni. Mwezi mpevu ni tarehe 3 Januari, kwa hiyo tarehe 10 mwezi uko nusu, na hapo maji ni mafu. Bandarini Kilindini, wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na ya giza la mwezi) maji hupanda na kushuka kwa wastani wa mita 3.2 hivi, wakati wa maji mafu ni kama mita 1.1 tu. Mita moja haitoshi kuwafunulia ndege matope yote wala kuwafunikia. Wanabaki wametapakaa, watano hapa, watatu kule, wote mbali na boti, nanyi mtarudi Nairobi mkisema Tudor haina ndege.

Ishikeni kanuni yenyewe, kwa sababu mkiijua mtapanga safari ya pwani yoyote bila kuuliza mtu. Hawa ndege hawafuati mchana na usiku, wanafuata maji. Maji yakipwa wanatawanyika matopeni kula, wengi mahali ambapo boti haifiki. Maji yakijaa, matope yanapungua na ndege wanasogea mbele ya maji hatua kwa hatua, wanabanana kwenye kingo, na mwishowe wanaruka makundi makundi kwenda kungoja juu ya mchanga mkavu au kwenye matawi ya mikoko. Saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa kabisa, na saa moja baada ya hapo, ndizo saa za boti. Chini yenu kuna maji ya kutosha na ndege wako ukingoni mwa maji hayo hayo.

Sasa hesabu. Mombasa, siku ya mwezi mpevu na siku ya giza la mwezi, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa wastani wa dakika 50, pungufu kidogo wakati wa bamvua na zaidi kidogo yakielekea kufa. Kwa hiyo bamvua lenyewe pia haliwafai: yanajaa gizani, na mkiamka asubuhi yanakimbia. Ya alasiri yanawakuta na joto, na kaskazi imeshapanda. Mnayoitaka ni siku ya tano au ya sita baada ya mwezi mpevu au giza. Siku hiyo yanajaa kama saa mbili asubuhi na bado yana nguvu.

Giza la mwezi ni tarehe 18 Januari. Jumamosi ya tarehe 24 ndiyo yenu. Dakika kamili zitazameni kwenye jedwali la maji la Kilindini, na mkumbuke kwamba kule ndani ya Tudor maji huchelewa kidogo kuliko mlangoni.

Jua linachomoza kama saa kumi na mbili na dakika ishirini. Mwe mmeketi botini saa kumi na mbili na nusu, na saa moja na robo mwe mmeshafika mikokoni. Kaeni huko hadi saa tatu. Saa tatu na nusu omo (mbele ya boti) ielekee Nyali, hata kama kuna mtu hajamaliza kuhesabu.

Saa hiyo msiivunje, na sababu ni kupwelewa. Chombo kikikaa matopeni saa nne, yaani saa mbili baada ya maji kujaa, hakitaelea tena mpaka maji yarudi kimo kile kile, na hiyo ni saa mbili kabla ya kujaa kwa jioni: karibu saa kumi na mbili. Hayo ni masaa manane juani, na huwezi kushuka utembee, matope yatakumeza hadi mapajani. Tena tarehe 24 maji yanaelekea kufa, kila kujaa kunaweza kuwa pungufu kuliko kulikotangulia. Mkikwama pale juu kabisa wakati maji yako kilele, maji ya jioni huenda yasiwainue.

Mama_Ruai

Bamvua amesema kweli tupu kuhusu maji. Niongeze kuhusu ndege wenyewe.

Kwanza *Dromas*. Tudor msimwekee matumaini makubwa. Mahali pake pa uhakika ni Mida Creek, karibu na Watamu, kama kilomita 100 kaskazini ya Mombasa. Kama ndiye sababu ya safari, ongezeni siku moja mwende huko, na ile darubini ya miguu mitatu ndiyo itakula kazi yake pale, mkiwa mmesimama nchi kavu. Ni mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kama kisu cha jikoni, umeumbwa kuvunja kaa. Huzaliana pwani za Uarabuni na Pembe ya Afrika, na hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilochimba mchangani, joto la mchanga likisaidia kulitunza. Watoto wake ni wa kijivu na hufuatana na wazazi mpaka huku, wakiendelea kuomba chakula. Kwa hiyo mkimwona wa kijivu anamfuata mweupe akilialia, msiandike aina nyingine.

Vitwitwi wa mchanga sasa. Vitabu vya zamani vinawaita *Charadrius*, orodha mpya zinawaita *Anarhynchus*: mkubwa ni *leschenaultii*, mdogo wa kwetu ni *atrifrons*, aliyetengwa na *mongolus* akawa aina peke yake. Januari wote wawili ni kahawia juu na weupe chini, rangi haitawasaidia lolote. Tazameni mdomo. Chukueni kwa macho nafasi ya kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, kisha muilaze juu ya mdomo. Mdomo ukiipita, na ncha yake ikichongoka, huyo ni mkubwa. Ukiwa sawa nayo au mfupi, na ncha butu, ni mdogo. Miguu ya mkubwa ni mirefu na imefifia kuelekea kijani au manjano, ya mdogo ni ya kijivu cheusi, ila matope huwapaka wote rangi moja, kwa hiyo msihukumu kwa miguu mpaka mmwone aliyetoka majini. Akiruka, vidole vya mkubwa vinachomoza wazi nyuma ya mkia. Kinachowakosesha watu wengi ni ukubwa. Kitwitwi mmoja peke yake matopeni hana ukubwa, ngojeni mpaka asimame karibu na mwingine mnayemjua.

Wengine wa kuangalia: *Pluvialis squatarola* amesimama kama mzee mwenye mawazo, akiruka ana makwapa meusi na hapo swali limekwisha. *Xenus cinereus* ana mdomo uliopinda kwenda juu na miguu mifupi ya manjano ya machungwa, na ndiye pekee anayekimbia huku na huku ameinamisha kichwa kama aliyeangusha shilingi; maji yakijaa mtafuteni juu ya mizizi na matawi ya mikoko. Sululu ni wawili: *Numenius phaeopus* ana michirizi kichwani, *N. arquata* hana, na mdomo wake ni mrefu hadi unashangaza. Buabua wakikaa juu ya mashua zilizotia nanga, mwenye mdomo wa rangi ya chungwa ni *Thalasseus bengalensis*, mkubwa mwenye mdomo wa manjano ya ndimu ni *T. bergii*. Na mdiria wa mikokoni, *Halcyon senegaloides*, mdomo wake wote ni mwekundu, juu na chini. Ukiona nusu ya chini nyeusi ni yule mwenzake wa bara, *H. senegalensis*.

Kabla ya kwenda, Novemba na Desemba pitieni mabwawa ya majitaka ya Ruai, mkiomba ruhusa langoni kwanza. *Calidris minuta*, *Tringa stagnatilis*, *T. nebularia*, *T. glareola* na *Calidris pugnax* wote hupita hapo. Mkiwajua hao vizuri mkiwa Nairobi, mkifika Tudor mtabaki na aina chache tu ngeni za kusumbua kichwa. Mtu akienda pwani bila kuwajua wa Ruai, anatumia asubuhi nzima kwa ndege aliowaacha nyumbani.

Athi_Dam

Kuhusu darubini: 8×42. Ya mara kumi inakuza mtikisiko wa boti mara kumi vile vile, na kitwitwi anakuwa doa linalocheza. Wenye 10×42 waende nazo kama ndizo walizo nazo, lakini waegemeze viwiko magotini, si kwenye ukingo wa boti, kwa sababu ukingo unaleta mtetemo wa injini moja kwa moja hadi machoni. Ya miguu mitatu ibaki chumbani Jumamosi.

Jambo jingine la watu wa Nairobi. Ukitoka chumba chenye AC na kuingia hewa ya Mombasa, vioo vinafunga ukungu, na ukifuta unajifunga tena. Acheni darubini ndani ya mkoba uliofungwa, nje ya chumba, nusu saa kabla ya kuondoka. Zikipata rasharasha ya maji ya chumvi msifute kwa kitambaa kikavu, chembe za chumvi huchora kioo. Loweka kitambaa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, gusa, chumvi iyeyuke, ndipo ufute.

Pondo_na_Nanga

Swali la nahodha bado halijajibiwa, na ndilo linalowarudisha watu salama.

Boti iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na nambari iwe imeandikwa ubavuni. Jaketi okozi ziwe nane, na za wafanyakazi wa chombo juu ya hizo, kila moja ifungwe na kukazwa mwilini kabla ya kutoka. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Ndani ya boti mwe na nanga yenye kamba, pondo (mti wa kusukumia boti) la urefu wa mita 4 hivi, ndoo ya kukumba maji, plagi za akiba na pini ya propela. Mwambieni wazi kwamba mnataka kwenda polepole na kusimama mara nyingi, kwa sababu manahodha wengi wamezoea watalii wa kuzungushwa haraka. Kubalianeni bei ya boti kwa saa na nani ananunua mafuta. Mafuta yagawe mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, fungu la akiba lisiloguswa. Kama ni injini ya kuchanganya petroli na oili, nyingi zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita, mililita 400 kwa dumu la lita 20. Akimimina kwa makadirio ya jicho, oili ikizidi plagi zinachafuka na injini inazima ikiwa mwendo wa taratibu, na mwendo wenu wote ni huo.

Tatizo la kwanza Tudor ni takataka za plastiki. Nyuma ya injini kuna kamchirizi ka maji kanakoruka wakati wote. Hako ndiko kanakoonyesha kwamba injini inapozwa. Mpeni mtu mmoja anayekaa tezi (nyuma ya boti) kazi ya kukatazama. Kakikatika, zima injini hapo hapo, inua, ondoa mfuko au tope lililoziba tundu la kuvuta maji, kisha washa tena. Mkingoja dakika chache tu injini imeungua. Injini ikilia kwa nguvu na boti haisogei, kuna nyuzi za nyavu zimejiviringa kwenye propela, au pini imekatika.

Hatari kubwa lakini si injini, ni nyinyi. Ndege adimu akitokea upande mmoja, watu wanane wanainuka na kuegemea upande huo, na boti ya mita 7 inalala. Sheria iwe hivi: hakuna anayesimama. Ndege akiwa kulia, nahodha anaigeuza boti ili pande zote mbili zione.

Hapo pia kubalianeni jinsi ya kuelekezana. Waangaliaji ndege wamezoea kusema omo ni kumi na mbili kwenye uso wa saa, kisha wanataja saa. Kwa Kiswahili hilo linaleta vurugu. Mtu akipaza sauti "saa tatu!", mmoja anaangalia tarakimu ya tatu, kulia, na mwingine anaona mshale mfupi kwenye tisa, kushoto. Mpaka mkubaliane, ndege ameshapita. Acheni saa kabisa. Semeni omo, tezi, kulia, kushoto, kisha mtaje kitu: "kulia, chini ya mkoko uliokauka."

Kukaribia kundi: msiende moja kwa moja. Punguza injini mapema, mita 200 hivi, kwa sababu badiliko la ghafla la sauti ndilo linalowarusha kuliko sauti yenyewe. Zima upande mkondo unakotoka, maji yawapeleke taratibu, pondo likisaidia kunyoosha. Vichwa vikiinuka na kula kukakoma, mmefika mwisho, msiongeze hata mita moja. Wakianza kutembea kukuacheni, rudini nyuma. Kuanzia Februari hadi Aprili wanakusanya mafuta mwilini ya kuwarudisha Aktiki, na kila mruko mnaowalazimisha unatoka kwenye akiba hiyo. Wale waliotua kwenye mchanga wa mwisho maji yakiwa yamejaa msiwasogelee kabisa, hawana pengine pa kwenda.

Lenzi ndefu zisielekezwe bandarini wala kwenye vyombo vya jeshi la majini, na droni iacheni Nairobi. Njia yenu ya Tudor haina haja ya kugusa Kilindini, kwa hiyo msikubali kuzungushwa huko "kuona meli".

Kozi_wa_Langata

Asanteni sana wakuu, tumehamia tarehe 24. Mawili yamebaki. Mmoja wetu anasema tarehe 17 ingekuwa bora kwa sababu bamvua linafunua matope yote. Na je, tukimaliza mapema tunaweza kutoka nje mpaka Fort Jesus na kuendelea baharini kutafuta buabua?

Bamvua_SouthB

Tarehe 17 maji yanapwa kabisa kama saa tatu asubuhi, kwa hiyo kweli matope yote yatakuwa wazi, lakini nyinyi mtakuwa kwenye mfereji katikati na ndege mita 400 juu ya tope. Siku hiyo inamfaa mtu wa kusimama nchi kavu na ile darubini ya miguu mitatu maji yakianza kurudi mchana. Kwa boti, hapana.

Kutoka nje: mkirudi saa nne maji yanatoka kwa kasi, na pale mlangoni yanakutana na mawimbi yanayoingia kutoka bahari kuu. Mawimbi yanasimama wima na kuwa mafupi, na kaskazi ikishapanda inazidi kuyakoroga. Boti ya wazi yenye watu wanane isivuke Fort Jesus saa hiyo. Mkitaka kuona ngome na mlango, tazameni asubuhi mnapoanza, maji yakiwa bado yanaingia na upepo umelala. Buabua wenyewe mtawapata juu ya maboya na mashua ndani humo humo.

Mama_Ruai

Mkihesabu, kundi kubwa msihesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi, ona kumi hao wanachukua nafasi gani, kisha pima kundi lote kwa kipande hicho. Wawili wahesabu kila mmoja peke yake kabla ya kuambiana. Mkitofautiana sana, rudieni.

Orodha mnaweza kuiingiza Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa nchi nzima, kupitia programu ya simu ya BirdLasser. Programu inagawa nchi kwa miraba ya dakika 5 kwa dakika 5 za latitudo na longitudo, kama kilomita 9 kila upande, na boti inaweza kuvuka mpaka wa mraba bila nyinyi kujua, kwa hiyo mtu mmoja awe anaangalia simu. Orodha kamili ya mraba inataka angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii, na saa zenu za mikokoni zinazitimiza karibu zote. Juu ya orodha andikeni saa maji yalipojaa na kimo chake kama kilivyo kwenye jedwali. Sululu 40 waliohesabiwa maji yakijaa na sululu 40 waliohesabiwa maji yakipwa ni habari mbili tofauti, na atakayerudi Tudor Januari ijayo hataweza kulinganisha kama hamkuandika.